Kicheko: Nusukaputi au Kasumba?

Katika mizani ya watu wengi kilio ni kizito na kicheko ni chepesi. Mtunzi anayeliza huhesabiwa kuwa mwenye hekima. Mtunzi anayechekesha huhesabiwa kuwa mpotezaji wa wakati. Mizani hii ni ya zamani, wala haikosi hoja. Dunia ina njaa, ina vita, ina magereza na ina vitanda vya wagonjwa. Mtu aliyejaliwa kipawa cha kusema na watu maelfu kwa mara moja, akakitumia kipawa hicho kuwachekesha, yamkini aulizwe kama hakuukimbia wajibu wake. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali mtu kuifanya kazi ya kuchekesha kuwa kazi ya maisha yake, hali wenzake wanaumia? Walioliuliza ni wengi. Walioliuliza huku wakila mkate wa kazi hiyo hiyo ni wachache. Mmoja wao alikuwa Preston Sturges, mwandishi na mwongozaji wa senema za kuchekesha wa Marekani, aliyezaliwa Chicago 1898 akafa New York 1959.

Malezi yake yalimweka baina ya dunia mbili. Mama yake, Mary Desti, alikuwa rafiki mkubwa wa Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri, na kwa mapenzi yake ya sanaa alimzungusha mtoto katika miji ya Ulaya. Baba yake wa kambo, Solomon Sturges, alikuwa dalali wa hisa Chicago, mtu wa hesabu na taratibu. Mama alitaka mwanawe awe msanii. Baba alimwonyesha njia ya kazi na fedha. Kijana alipokua alifanya kazi katika biashara ya vipodozi ya mama yake, wala hakuonyesha haraka ya kushika kalamu. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 30 alipoanza kutunga michezo ya kuigiza. Mchezo wake Strictly Dishonorable ulionyeshwa New York mwezi wa Septemba 1929 ukapendwa mno. Mwezi uliofuata soko la hisa likaanguka, na mamilioni ya watu wakaingia katika dhiki ya miaka mingi. Basi sifa ya mchekeshaji huyu na shida ya nchi yake zilizaliwa katika msimu mmoja kama pacha.

Alipohamia Hollywood aliikuta desturi ngumu. Mwandishi wa senema alikuwa kama fundi cherehani asiyejua nguo yake itavaliwa na nani: aliuza maneno yake, na wengine wakayakata, wakayaunga na kuyageuza. Sturges alivumilia desturi hiyo kwa miaka kadhaa. Kisha akaiuzia kampuni ya Paramount mswada wa The Great McGinty kwa dola 10, kwa sharti moja tu, kwamba auongoze mwenyewe. Senema hiyo ilitoka 1940, na mwaka uliofuata mswada wake ukapata tuzo ya Akademia. Tangu mwaka huo mpaka 1944 senema nane zilizoandikwa na kuongozwa naye zilitolewa na kampuni hiyo. Ni vigumu kumwita mvivu wa roho mtu aliyekubali bei kama ile ili awe na mamlaka juu ya neno lake. Aliyefanya biashara hiyo aliamini kuwa kuchekesha ni jambo la kutendwa kwa uangalifu, wala si la kuachiwa mkono wowote upitao.

Walakini uangalifu katika kazi si ushahidi kwamba kazi ni njema. Sturges mwenyewe alilitambua hilo, na katikati ya fanaka yake alitengeneza 1941 senema inayoishitaki kazi yake. Jina lake ni Sullivan's Travels. Mhusika mkuu, John L. Sullivan, ni mwongozaji kijana wa senema za kuchekesha, mwenye mali na sifa. Anaona haya kwa kuchekesha watu wakati wa dhiki. Anataka kutengeneza tanzia juu ya mateso ya binadamu, iitwe O Brother, Where Art Thou?, jina ambalo ndugu Coen waliliazima 2000 kwa senema yao wenyewe. Wakubwa wa kampuni wanamwambia kuwa hajui shida ni kitu gani. Badala ya kukasirika anakubali. Anaazima matambara katika stoo ya nguo za waigizaji, anatia senti 10 mfukoni, anatoka kwenda kuitafuta shida.

Waswahili husema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sehemu ya kwanza ya senema ni maelezo marefu ya methali hiyo. Mtumishi wake wa nyumbani anamwonya kwamba ufukara si somo la kuchunguzwa, bali ni tauni ya kuepukwa, na kwamba masikini wenyewe hawana haja ya kuelezwa habari zake. Sullivan hasikii. Anatembea barabarani, na nyuma yake linafuata gari kubwa la kampuni, lenye daktari, mpishi na watu wa magazeti. Baadaye analala katika vibanda vya wasio na makao na kupanga foleni ya supu, lakini kila siku anajua kuwa mlango wa nyumba yake u wazi. Aliyevaa umasikini kama joho anaweza kulivua wakati wowote. Na kitu kinachovulika wakati wowote si umasikini, ni vazi. Anapoona kuwa amejifunza vya kutosha anatoka usiku kugawa noti za dola tano kwa mafukara, kama mtu anayelipa ada ya shule. Hapo ndipo shida ya kweli inapomkamata. Mmoja wa mafukara anampiga, anamnyang'anya fedha, naye mwizi huyo anauawa na garimoshi. Viatu vya Sullivan, vilivyoibwa na mwizi huyo huyo siku za nyuma, vinawafanya watu waamini kuwa aliyekufa ni Sullivan. Sullivan mwenyewe, akili ikiwa imemruka kwa pigo la kichwa, anampiga mlinzi wa reli kwa jiwe, na bila ya jina wala rafiki anahukumiwa kifungo cha miaka sita, kazi ngumu, mnyororo mguuni.

Jambo kubwa la senema linatukia usiku mmoja wafungwa wanapopelekwa katika kanisa dogo la Wamarekani weusi kutazama picha. Kabla hawajaingia, mchungaji anawataka waumini wake wawaachie wageni viti vya mbele, na wasiwafanye wajione duni kwa neno wala kwa jicho, kwani mbele ya Mungu watu wote ni sawa. Wafungwa wanaingia mmoja mmoja, minyororo ikilia sakafuni, na waumini wanaimba. Taa zinazimwa. Katika kitambaa cheupe anaonekana Pluto, mbwa wa Walt Disney, katika katuni ya 1934. Amenaswa na karatasi yenye ulimbo wa kunasia nzi. Akitoa mguu mmoja mwingine unanasa. Akitoa mguu, pua inanasa. Wafungwa wanacheka mpaka wanapepesuka. Sullivan anajisikia anacheka pamoja nao, na anamwuliza jirani yake kama kweli anacheka. Hatimaye, akiisha kujulikana na kuachiliwa, anakataa kuitengeneza ile tanzia aliyoitamani. Sababu zake ni mbili: hakuteswa vya kutosha hata apate haki ya kuitunga; na wako watu ambao hawana kitu kingine duniani isipokuwa kicheko.

Jibu hili ni zuri, lakini lisipokelewe kwa haraka. Mtu mwenye akili kali atauliza: wale wafungwa wengine walikwenda wapi? Sullivan alitoka gerezani kwa sababu ya jina lake na mali yake, si kwa sababu ya kicheko. Wenzake waliocheka naye asubuhi yake walirudi kuchimba katika kinamasi. Mnyororo haukukatika hata pete moja. Tena, kusema kwamba watu fulani hawana ila kicheko ni kusema habari ya kutisha, si habari ya kufurahisha. Na anayeisema amepanda ndege kurudi nyumbani. Wakubwa wa Roma ya kale walijua kuwa watu wakipewa mkate na michezo husahau kudai mengine. Kicheko cha namna hiyo ni kasumba: humlevya aliyeonewa asiisikie dhuluma, na huyo mwenye kumwonea hukilipia kwa furaha, maana ni rahisi kuliko haki.

Hoja hii ni nzito, na nusu yake ni kweli. Ili kuipambanua nusu hiyo na nyingine yafaa kutazama senema nyingine ya Sturges, isiyosifiwa sana, iitwayo The Great Moment. Aliipiga 1942, na mwigizaji wake mkuu ni Joel McCrea, yule yule aliyekuwa Sullivan. Safari hii McCrea ni William Morton, tabibu wa meno aliyeonyesha mbele ya madaktari wa Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, kuwa mgonjwa aliyevuta mvuke wa etha anaweza kupasuliwa bila ya kusikia maumivu. Katika senema hiyo Morton anataka kuificha siri ya dawa yake ili imtajirishe. Lakini anamwona msichana, mtumishi wa nyumba, akingoja kukatwa mguu, na madaktari hawakubali kuitumia dawa wasiyoijua. Anaitoa siri yake, na pamoja nayo utajiri wake. Kampuni haikuipenda senema iliyochanganya maumivu na mzaha. Iliikatakata, ikaipanga upya, ikaitoa 1944, nayo haikuleta faida.

Si ajabu kwamba mchekeshaji alivutwa na habari ya etha, kwa kuwa dawa ya maumivu na kicheko vilipata kukaa katika nyumba moja. Miaka miwili kabla ya Morton, mwezi wa Desemba 1844, tabibu mwingine wa meno, Horace Wells, alikwenda katika tamasha la mji wa Hartford ambamo watu walilipa kiingilio watazame wenzao wakivuta hewa ya kuchekesha na kufanya vituko. Mmoja wa waliovuta alijiumiza mguu wala hakusikia kitu. Watazamaji waliona kichekesho; Wells aliona dawa. Siku iliyofuata aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuivuta hewa ile. Etha nayo, kabla ya kuingia hospitali, ilikuwa ikivutwa na vijana kwa ajili ya burudani. Katika ukumbi wa kuchekea ndimo ulimotoka mlango wa kwanza wa kumpumzisha mgonjwa kisu kinapofanya kazi.

Sasa tofauti inayotafutwa inaonekana. Nusukaputi na kasumba zote mbili hulaza maumivu, na mtu akitazama kwa nje tu hataweza kuzitenga. Tofauti yake imo katika makusudi na katika mwisho. Nusukaputi haiponyi, wala haidai kuwa inaponya; humpa mgonjwa nafasi ya kustahimili kile kitakachomponya, na baada ya hapo humwacha aamke. Kasumba hudai kuwa yenyewe ndiyo matibabu, na haitaki alalaye aamke kamwe. Kicheko kina tabia zote mbili. Hakiwezi kuhukumiwa kwa jina lake, kama dawa isivyoweza kuhukumiwa kwa rangi ya chupa.

Kipimo cha kwanza, basi, ni kuuliza kama kicheko kinaonyesha kidonda au kinakifunika. Sullivan's Travels iliuonyesha mnyororo, ikaonyesha kasha la joto ambamo mfungwa alifungiwa kwa adhabu, ikaonyesha na foleni za wenye njaa. Ilionyesha mambo hayo waziwazi hata wakaguzi wa serikali wakati wa vita wakaizuia isipelekwe nchi za nje, kwa kuona kuwa ukatili wa gereza lile ungeweza kutumiwa na adui kuitukana Marekani. Jambo hili linastahili kufikiriwa. Sullivan alidhani kuwa ukweli wa mateso hukaa katika tanzia tu; kumbe mchezo wa kuchekesha ulisema ukweli mkubwa hata mlangoni ukazuiwa.

Kipimo cha pili ni kuuliza kama kicheko kinamwinua mtu au kinamkanyaga. Hapa senema hiyo hiyo inashuhudia pande zote mbili. Walter White, katibu wa chama cha NAACP kilichopigania haki za Wamarekani weusi, alimwandikia Sturges kumshukuru kwa heshima aliyowapa watu wa lile kanisa. Shukrani hiyo ilistahili, kwani katika senema za siku zile mtu mweusi alipewa aghalabu nafasi ya kuchekwa, wala si ya kukirimu. Lakini mwanzoni mwa senema, gari la kampuni linapomfukuzia Sullivan, yumo mpishi mweusi anayerushwa huku na huku jikoni mpaka uso wake unageuka mweupe, na watazamaji hutakiwa wacheke. Mkono mmoja ulitunga mambo hayo mawili. Katika kanisa, mtu anacheka pamoja na mwenzake. Katika gari, mtu anamcheka mwenzake. Herufi zinazotenga maneno hayo ni chache, lakini umbali wake kwa tabia ya mtu ni kama umbali wa mashariki na magharibi.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi, nacho ni kuuliza kicheko kilitanguliwa na nini. Wengi wanapoisimulia senema hii husema kuwa katuni ndiyo iliyowafariji wafungwa. Mpango wa matukio unasema vingine. Katuni haikuja kwanza. Kwanza palikuja mlango uliofunguliwa, viti vilivyoachwa wazi, macho yaliyoamriwa yasidharau, na wimbo ulioimbwa na watu ambao wenyewe walijua maana ya mnyororo kuliko wageni wao. Katuni ile ile ingeonyeshwa na mkuu wa gereza baada ya kipigo, yamkini isingemchekesha hata mmoja. Wafungwa waliweza kumcheka mbwa aliyenaswa, na kujicheka wenyewe ndani yake, kwa sababu kwa saa moja walikuwa wamerudishiwa utu. Kicheko hakikuleta heshima. Heshima ndiyo iliyoleta kicheko. Wenyeji walioitoa hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na mwanya wa kuruka kwa ndege waende zao. Kwa hiyo aliyelijibu swali la Sullivan kwa kweli si Sullivan, ni mchungaji asiyetajwa jina.

Maisha ya Sturges baada ya hapo hayakuwa na miujiza. Vita vilipokuwa vikiendelea alithubutu, katika Hail the Conquering Hero ya 1944, kuicheka tabia ya kuwaabudu mashujaa, wakati ambapo wengi waliogopa kulisema neno hilo hata kwa kunong'ona. Alikwisha gombana na wakubwa wa Paramount akaiacha kampuni. Alishirikiana na tajiri Howard Hughes, na ushirika ukavunjika. Senema yake ya 1948, Unfaithfully Yours, haikuvuta watu wakati ilipotoka, ingawa baadaye wajuzi waliisifu. Mkahawa wake Hollywood ulimmeza fedha nyingi. Alikwenda Ufaransa, akatoa huko 1955 senema yake ya mwisho. Mauti yalimfika katika hoteli mjini New York akiwa na miaka 60, kitabu cha maisha yake kikiwa bado hakijaisha. Mjane wake alikipanga, kikachapishwa 1990. Kuchekesha hakukumkinga na hasara, kama etha isivyomkinga Morton, aliyekufa 1868 baada ya kuhangaika miaka mingi akidai malipo ya uvumbuzi wake. Anayewapunguzia wengine maumivu hakuahidiwa kupunguziwa yake.

Wasomaji wa Kiswahili wana kipimo chao cha jambo hili, cha kale kuliko senema. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani na kufanya mzaha mbele ya maiti. Humwiga marehemu, huwatoza wafiwa fedha, huwachekesha waliokuwa wakilia. Mgeni asiyejua desturi anaweza kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye aghalabu anayeshika jembe kuchimba kaburi, na ndiye anayefanya kazi nzito ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Mzaha wake unakubalika kwa sababu mikono yake ina udongo. Angekuja na ulimi mtupu, akacheka, akala, akaenda zake, asingeitwa mtani. Angeitwa mtu asiye na adabu.

Hukumu juu ya mchekeshaji haina budi kufuata njia hiyo. Si haki kumwuliza kwa nini hakulia, kwani machozi nayo yanaweza kuwa mapambo, na Sullivan alipotamani kuliza watu alikuwa akijitafutia sifa zaidi kuliko akiwatafutia wao nafuu. Haki ni kumwuliza kama alipochekesha alimwacha aliyeumia akiwa mtu zaidi au akiwa mtu pungufu, na kama baada ya kicheko alikuwapo wa kushika kisu cha mganga au jembe la mchimba kaburi. Sturges hakuushika mnyororo wa mtu yeyote akaukata. Aliuonyesha, akawaketisha karibu nao watu waliokuwa mbali, akawafanya wacheke pamoja na walioufungwa badala ya kuwacheka. Hiyo ni kazi ya nusukaputi, nayo ni kazi halali. Waliotoka katika ukumbi wa senema wakadhani kuwa kwa kucheka wamekwisha kuwatendea mema wafungwa, hao waliigeuza dawa kuwa kasumba kwa mikono yao wenyewe. Na kwa kosa hilo mchekeshaji hawezi kushitakiwa peke yake.